Mmea Unapozidiwa: Utangulizi wa Elimu ya Kuimarisha Mimea

Pita kando ya shamba la mahindi saa nane mchana, mvua ikiwa imekatika kwa wiki mbili. Utakuta majani yamejisokota kwa urefu wake, yamesimama wima na rangi imepauka. Ni rahisi kusema kwamba mahindi yale yamekwisha. Rudi kesho yake alfajiri, kabla jua halijachomoza, nawe utayakuta majani yaleyale yamekunjuka, mapana na mabichi. Mchana mmea ulikuwa unajitetea: ulipunguza sehemu inayopigwa na jua ili usipoteze maji mengi kuliko yale ambayo mizizi ingeweza kuyavuta. Usiku joto liliposhuka, mizizi ilifidia upungufu na majani yakafunguka.

Nimeanza na mahindi hayo kwa sababu yanabeba wazo zima la elimu ninayokukaribisha kujifunza. Mmea hauwezi kuhama pale ulipoota. Jua likizidi, maji yakipungua, chumvi ikipanda, utayakabili yote hapohapo. Kwa hiyo kila mmea ulio hai leo umerithi namna zake za kuhimili shida, na kazi yetu tunaochunguza tiba za kuiimarisha mimea ni kuzijua namna hizo kwanza, kisha kuzisaidia. Hakuna tiba ya chupa inayoupa mmea uwezo ambao haukuwa nao. Iliyo nzuri huuwahisha uwezo uliopo au huuongezea nguvu. Ukilishika hilo tangu sasa, utasoma sura zinazofuata kwa wepesi, na utaingia duka la pembejeo ukijua la kuuliza.

Kama uliacha kusoma baiolojia zamani, usiwe na wasiwasi. Kila istilahi nitaieleza inapotokea mara ya kwanza, na nitakwenda polepole kwenye misingi, kwa sababu uzoefu umenionyesha kwamba wanaochanganyikiwa na tiba hizi karibu wote waliruka misingi.

Tuanze na neno msongo. Katika elimu hii msongo ni hali yoyote ya mazingira inayoufanya mmea ukue au uzae chini ya uwezo wake. Wadudu na magonjwa wana elimu yao pana. Hapa nazungumzia msongo usioletwa na viumbe: ukame, joto kali, baridi, chumvi katika udongo, maji yanayotuama shambani. Dalili zake zinaweza kukupoteza. Mmea ambao mizizi yake imezama majini hunyauka sawasawa na uliokosa maji, kwa sababu mizizi isiyopata hewa hushindwa kuvuta maji hata ikiwa imezungukwa nayo. Anayetazama majani peke yake atamwagilia shamba ambalo tayari limefurika. Ndiyo maana itatubidi tuingie ndani ya mmea.

Chukua ukame. Kwenye ngozi ya jani kuna matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, yaitwayo stomata. Kila tundu lina seli mbili zinazolilinda. Seli hizo zikijaa maji, tundu hufunguka. Zikilegea, hufunga. Kupitia matundu hayo mmea huingiza kabonidayoksaidi, ambayo huitumia pamoja na maji na mwanga wa jua kujitengenezea sukari. Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Lakini kabonidayoksaidi ni haba mno, kama asilimia 0.04 tu ya hewa yote, hivyo matundu hayana budi kubaki wazi kwa muda mrefu, na yakiwa wazi maji hutoka kama mvuke. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayovutwa na mizizi hupotelea hapo. Kiasi kidogo sana ndicho kinachobaki kujenga mwili wa mmea. Mmea ukifunga matundu unatunza maji na kulala njaa; ukiyafungua unakula na kukauka. Maisha yote ya mmea katika nchi kavu ni kulipima jambo hilo saa kwa saa.

Amri ya kufunga hutoka wapi? Sehemu za mmea zinazohisi upungufu wa maji, mizizini na majanini, hutengeneza homoni, yaani kemikali inayopeleka ujumbe kutoka sehemu moja ya mmea hadi nyingine. Homoni hii inaitwa asidi ya absisiki. Ikizifikia seli zinazolinda matundu, seli hulegea na tundu hufunga. Jina lake ni gumu kidogo, lakini nakuomba ulikariri, kwa sababu tiba nyingi utakazozisoma mbele zinagusa njia hii kwa namna moja au nyingine.

Hapa wanafunzi wengi huuliza swali zuri: kama mmea umefunga matundu na kuokoa maji, mbona bado unaungua? Jibu ni kwamba jua haliachi kuwaka. Klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, huendelea kunasa, ilhali kabonidayoksaidi ya kufanyia kazi imepungua. Nguvu iliyokosa kazi huiangukia oksijeni iliyomo ndani ya jani na kuigeuza kuwa kali. Oksijeni kali hutoboa utando wa seli, huharibu protini, huiharibu hata klorofili yenyewe. Jani linageuka manjano, kingo zinakauka, na mkulima anasema limeunguzwa na jua. Yuko sahihi kuliko anavyodhani. Mmea nao una vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, vyenye uwezo wa kuizima oksijeni hiyo. Tofauti kati ya mmea utakaopona na utakaokufa mara nyingi iko hapa: je, vimeng'enya hivyo vilikuwa tayari shida ilipofika, au vilikuwa ndiyo kwanza vinatengenezwa?

Chumvi ina hadithi inayokaribiana na hiyo. Wakulima wa mpunga katika mabonde ya Unguja na Pemba, ambako maji ya bahari huingia katika baadhi ya mashamba, wanaijua vizuri. Ukitaka kuielewa jikoni kwako, katakata tango la kachumbari, linyunyizie chumvi, uliache dakika kumi. Utakuta linaogelea. Maji hupita kwenye utando wa seli yakielekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi, na mwendo huo unaitwa osmosisi. Mzizi ulio katika udongo wa chumvi unapambana na mvuto huohuo: maji yapo, pengine yamejaa bonde zima, lakini chumvi imeyashikilia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya msongo wa chumvi ni ukame ndani ya maji. Hatua ya pili huja taratibu, kwa siku na wiki. Sodiamu iliyomo katika chumvi huingia mwilini mwa mmea na kuchukua nafasi ya potasiamu, madini ambayo vimeng'enya vingi haviwezi kufanya kazi bila hayo, na majani ya zamani huanza kufa kuanzia nchani. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Mpunga huanza kupoteza mavuno maji ya udongoni yakiwa na kama gramu 2 tu. Kiasi ni kidogo, hasara ni kubwa.

Mmea unaoweza kujibu hutengeneza na kulimbikiza ndani ya seli zake viambato visivyoudhuru. Kimojawapo ni prolini, aina ya asidi amino, yaani moja ya vipande vidogo ambavyo protini huundwa navyo. Kingine ni betaini. Vikijaa ndani ya seli, mvuto wa maji hugeuka na kuelekea ndani, na mzizi hupata maji hata katika udongo wa chumvi.

Sasa uko tayari kuielewa tiba ambayo huenda umeitumia tangu utotoni. Wiki moja hivi kabla ya kupandikiza nyanya, mtunza kitalu hupunguza maji na kuondoa kivuli kidogokidogo. Tunasema anakomaza miche. Miche hupata msongo mdogo usioua. Asidi ya absisiki hupanda kidogo, vimeng'enya vya kuzima oksijeni kali huanza kutengenezwa, prolini hulimbikizwa, ngozi ya jani hunenepa. Mche ukifika shambani na kukutana na jua la saa saba, majibu yako njiani tayari. Ninaipenda tiba hii kuliko zote. Haina gharama, haichafui mto, na ndani yake mna kanuni ambayo maabara za dunia nzima zinajaribu kuitia kwenye chupa.

Chupa hizo ndizo zinazoitwa vichangamshi vya mimea. Madukani zimechanganywa na bidhaa nyingine nyingi chini ya jina moja la busta, na hapa naomba uwe makini sana. Mbolea ni lishe: inaupa mmea naitrojeni, fosforasi, potasiamu na madini mengine. Kiuatilifu huua au kufukuza mdudu, kuvu au gugu. Kichangamshi hakifanyi lolote kati ya hayo. Huwekwa kwa kiasi kidogo, na kazi yake ni kuufanya mmea utumie lishe vizuri zaidi, ustahimili msongo, au utoe mazao bora. Umoja wa Ulaya uliiandika tofauti hiyo katika sheria yake ya mwaka 2019, inayotumika tangu Julai 2022. Kichangamshi kinatambulishwa kwa kazi kinayoifanya, na mtengenezaji anatakiwa kuthibitisha kazi anayoitaja kwenye lebo. Nchini Tanzania, kabla ya kununua, uliza kama bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Na kama udongo wako umechoka na hauna naitrojeni, kichangamshi hakitakuokoa. Anza na samadi, mboji na mbolea.

Kabla ya kufika kwenye chupa, nianze na tiba iliyo karibu na mkono wako: kuloweka mbegu. Katika miaka ya 1990 Dave Harris wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, na wenzake walifanya kazi na wakulima wa maeneo makavu ya India na Zimbabwe. Jambo walilolisisitiza ni dogo mno: loweka mbegu za mahindi au mpunga usiku mmoja, zianike zikauke juujuu, kisha uzipande siku hiyohiyo. Mbegu huanza kunywa maji na kuamsha vimeng'enya vyake, lakini mzizi haujachomoza. Ikifika ardhini huota upesi na kwa usawa. Siku chache za kutangulia si jambo dogo pale mvua zinapokuwa fupi, kwa sababu mzizi hukimbizana na unyevu unaoshuka. Maangalizo mawili tu. Mbegu iliyopakwa dawa dukani usiiloweke. Na maharage huumia kwa urahisi yakilowekwa muda mrefu, kwa hiyo usiyachukulie kama mahindi.

Tiba ya pili ni kongwe kuliko kilimo chenyewe. Mizizi ya mimea mingi ya nchi kavu huishi na kuvu wanaoingia ndani yake na kutandaza nyuzi nyembamba udongoni, nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi. Ushirika huo unaitwa mikoriza. Kuvu huleta fosforasi na maji kutoka mahali ambapo mzizi haufiki, na mmea hulipa kwa sukari. Katika mawe ya Rhynie, Scotland, yenye umri wa takriban miaka milioni 407, watafiti wameona alama za kuvu wa aina hii ndani ya mimea ya kale, kabla ya mizizi ya kweli kuenea duniani. Kuna kuvu wa mikoriza wanaouzwa kama unga, lakini mara nyingi wako shambani kwako tayari. Wanachohitaji ni kuachwa waishi: kulima kwa kupindua udongo mara kwa mara hukata nyuzi zao, na fosforasi ikizidi mmea huacha kuwalisha. Jambo moja litakalokuokolea fedha: kabichi, sukuma wiki na jamaa zao kwa kawaida hawashirikiani na kuvu hawa, na mchicha vilevile. Ukiuziwa unga wa mikoriza kwa ajili ya bustani ya kabichi, umenunua vumbi.

Sasa nifike kwenye mwani. Wakulima wa pwani za Ireland, Scotland na Ufaransa wamekuwa wakitandaza mwani mashambani kwa vizazi vingi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mwanakemia Mwingereza Reginald Milton alipata njia ya kuugeuza kuwa kimiminika, na tangu hapo biashara ya dondoo za mwani imekua. Dondoo ni kile kinachotolewa kwenye mmea au mwani kwa kuukamua, kuuchemsha au kuutia kemikali. Mwani uliochunguzwa zaidi ni Ascophyllum nodosum wa rangi ya kahawia, unaoota kwenye miamba ya Atlantiki ya kaskazini. Afrika Kusini wanatumia Ecklonia maxima, mkubwa na mrefu.

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba dondoo hizi hufanya kazi kwa sababu zina homoni. Dhana hiyo ilikuwa na mantiki. Lakini vipimo makini vilipofanywa, kiasi cha homoni ndani ya dondoo ya Ascophyllum kilionekana kidogo mno kuweza kueleza matokeo. Kilichoonekana kubadilika ni utendaji wa mmea wenyewe: jeni zake, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila seli, ziliongeza utengenezaji wa baadhi ya homoni na kupunguza nyingine. Mwani una sukari ndefu na ngeni kwa mmea wa nchi kavu, kama vile laminarini. Inaonekana mmea huzitambua na kuanza kujiandaa. Unaona tulivyorudi kwenye kukomaza miche? Hapa pia shida haijafika, lakini maandalizi yameanza. Ndiyo sababu dondoo ya mwani hupuliziwa kabla ya ukame au mapema mno unapoanza. Ukipulizia mmea uliokwisha kunyauka siku nyingi, umechelewa.

Zanzibar ina hazina ya aina nyingine. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani. Wanawake ndio walioubeba, na bado ndio wengi. Mwani wao, spinosum na cottonii, hukaushwa na kusafirishwa nje ili utolewe karajinani, kiambato kinachogandisha vyakula, vipodozi na dawa ya meno. Huko India, taasisi ya serikali ya utafiti iliyoko Bhavnagar, Gujarat, ilibuni njia ya kuukamua cottonii ungali mbichi. Maji yanayotoka hutumika kupulizia mazao, na makapi hubaki na karajinani yake, yakauzwa kama kawaida. Mwani uleule hutoa bidhaa mbili. Hapa kwetu mwani huanikwa mara tu unapotoka majini, na nafasi ya kuukamua hupita. Nalitaja jambo hili kwa kila mwanafunzi ninayekutana naye, kwa matumaini kwamba mmoja wao atalifanyia kazi.

Wakati huohuo cottonii wenyewe uko katika msongo. Maji ya kina kifupi yamepata joto, mwani huu huvamiwa na ugonjwa, matawi huwa meupe na kukatika, na sehemu nyingi za Unguja wakulima wamebaki na spinosum wa bei ndogo. Kuupeleka kwenye maji ya kina kunasaidia, lakini kunadai mashua na kujua kuogelea. Anayetaka kutibu nchi kavu kwa mwani hana budi kujali afya ya mwani baharini.

Watu huniuliza kama wanaweza kutengeneza dondoo nyumbani. Inawezekana kuloweka mwani na kutumia maji yake, ila uoshe kwanza kwa maji baridi mara kadhaa. Mwani hutoka baharini na chumvi yake, na ukiimimina chumvi hiyo shambani umeuletea mmea shida uliyotaka kuikinga. Wala usidhani kwamba kuzidisha ni kuboresha. Kipimo kidogo huchangamsha na kikubwa mara nyingi hudumaza. Fuata kipimo kilichoandikwa, hata kama kifuniko kimoja kwa bomba zima la mgongoni kinaonekana hakitoshi.

Zipo tiba nyingine, zikiwamo asidi za mboji, dondoo za protini, kitosani inayotokana na magamba ya kamba na kaa, na silika kwa mpunga. Kila moja ina sura yake, na kwa misingi uliyoipata hapa utazisoma bila msaada mkubwa.

Kabla hujaamini lolote, hata langu, jaribu. Kichangamshi kinaweza kuleta faida kubwa msimu wa kiangazi na kisilete chochote mvua zikiwa nzuri, kwa sababu mmea usio na shida hauna la kusaidiwa. Kwa hiyo usilinganishe shamba la mwaka huu na la mwaka jana. Acha mistari kadhaa isiyopuliziwa, iliyotawanyika katika shamba lilelile, siyo yote upande wa kichuguu au kando ya mfereji. Mistari mingine ipulizie maji matupu siku hiyohiyo, ili ujue kama lililosaidia ni dawa au ni maji. Andika tarehe za mvua. Angalia zaidi wakati wa mbelewele na nywele za mahindi, maana ukame wa siku chache hapo hupunguza punje kuliko ukame wa muda mrefu mahindi yakiwa machanga. Vuna na upime uzito kila mstari peke yake, hata kama macho yamekwisha kukuambia hakuna tofauti. Tofauti isipokuwapo, hayo nayo ni matokeo, na fedha ya chupa ya msimu ujao itanunua samadi.

Sura ya kwanza inaanza ardhini. Kabla hujaifungua, chimba taratibu mche mmoja wa mahindi na mmoja wa kunde, suuza mizizi ndani ya ndoo bila kuisugua, kisha iweke mbele yako juu ya gunia. Kwenye kunde utaona vinundu: ndani yake huishi bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa lishe ya mmea. Pasua kimoja kwa kucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, kimelala au kimechoka. Andika ulichokiona, pamoja na siku ya mwisho mvua iliponyesha, kisha ufungue ukurasa.